Kimo kwanza, mbolea baadaye: kukata na kurutubisha malisho ya umwagiliaji

Malisho yenye maji ya uhakika na mbolea ya kutosha hukua kwa kasi ambayo mfugaji aliyezoea kutegemea mvua haitarajii. Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu anaweka naitrojeni, anafungua maji, nyasi zinapanda, naye anaendelea kukata kila baada ya siku zilezile alizozizoea. Anachovuna ni rundo kubwa lenye mashina mengi na majani machache. Ng'ombe wanachagua, wanabakiza, na maziwa hayaongezeki. Mbolea ilifanya kazi yake ya kuharakisha ukuaji. Siku ya kukata ndiyo iliyopitwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na fimbo ya kupimia, na mfuko wa mbolea utafunguliwa baadaye kidogo.

Kwa nini kimo, na si kalenda

Nyasi za kitropiki zikishakatwa hutumia siku za mwanzo kutoa majani. Majani hayo yanazidi kuifunika ardhi hadi yanafikia kunasa takribani asilimia 95 ya mwanga wa jua kabla haujagusa udongo. Mpaka hapo, sehemu kubwa ya kinachoongezeka ni jani. Baada ya hapo machipukizi yanaanza kugombea mwanga: mashina yanarefuka, majani ya chini yaliyo kivulini yanageuka njano na kufa. Uzito wa jumla bado unapanda, na kwa macho tu utadhani unafaidi, kumbe unachojumlisha ni mashina na majani makavu.

Watafiti wa Brazili, hasa wa chuo cha kilimo cha ESALQ huko Piracicaba, wamelipima jambo hili kwa aina nyingi za nyasi. Waliona kwamba kwa kila aina, kiwango hicho cha mwanga hufikiwa kwenye kimo kinachokaribiana, iwe ni msimu wa joto au wa ubaridi. Siku ndizo zinazobadilika. Nyasi ya gini iliyomwagiliwa na kurutubishwa vizuri inaweza kufika kimo chake kwa wiki tatu kukiwa na joto, kisha ikahitaji zaidi ya wiki sita usiku unapokuwa baridi. Anayekata kila siku ya 28 mwaka mzima atakuwa amechelewa nusu ya mwaka na kuwahi nusu nyingine.

Hatua ya 1: Tambua nyasi yako na vimo vyake viwili

Kila nyasi ina kimo cha kuvunia na kimo cha kubakiza. Vianzie hivi, kisha uvirekebishe kwa kuangalia shamba lako:

- Gini ndefu, aina ya Mombaça: vuna ikifika sm 90, bakiza sm 40 hadi 50.
- Gini ya kimo cha kati, aina ya Tanzânia: vuna sm 70, bakiza sm 30 hadi 35.
- Brakaria, aina ya Marandu au Xaraés: vuna sm 25 hadi 30, bakiza sm 15.
- Ukoka ulioboreshwa, aina ya Tifton 85 au Coastcross: vuna sm 25 hadi 30, bakiza sm 10 hadi 15.
- Matete ya kukata na kubeba: vuna yakiwa karibu mita 1, bakiza sm 10 hadi 15.

Gini hizo mbili zina historia inayostahili kujulikana. Zilichaguliwa kutoka kwenye nyasi za mwituni zilizokusanywa Kenya na Tanzania mwaka 1967 na 1969, zikafanyiwa kazi Brazili, na Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la Brazili, ikazitoa kwa wakulima: Tanzânia mwaka 1990, Mombaça mwaka 1993. Zina uwezo mkubwa, lakini zinataka udongo wenye rutuba. Kwenye shamba lililochoka, brakaria itakuvumilia zaidi.

Kanuni inayofaa karibu nyasi zote za kulishia shambani ni kubakiza nusu ya kimo ulichoanzia, au pungufu kidogo. Matete ya kukatwa kwa panga yanakatwa chini zaidi kwa sababu huchipua vizuri kutoka kwenye vifundo vilivyo karibu na ardhi. Ukiyageuza kuwa malisho ya ng'ombe kuingia, yape nayo kisiki kirefu zaidi.

Hatua ya 2: Pima sawasawa

Chukua fimbo iliyonyooka, iwekee alama kila sm 5. Ingia shambani kwa mstari wa kukatisha kutoka kona hadi kona, upime sehemu 20 au 30 bila kuchagua. Simamisha fimbo na usome pale majani yanapojipinda kwa kawaida yao. Usilivute jani kulinyoosha, na usipime ncha ya shuke. Jumlisha, gawanya, pata wastani.

Majani yakiwa yamekua kasi, pima mara mbili kwa wiki. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayokuonyesha kipande kipi kivunwe kesho na kipi kisubiri.

Hatua ya 3: Kata, na uache kitu cha kuanzia

Hapa ndipo ninapowasihi wafugaji wasiwe na tamaa. Majani yaliyobaki baada ya kuvuna ndiyo jiko la mmea. Ukiyaacha, mmea unaanza kujitengenezea chakula siku hiyohiyo. Ukiyaondoa yote, mmea unalazimika kuishi kwa akiba iliyo kwenye kitako na mizizi. Mizizi inasimama kukua, mingine inakufa, na mmea wenye mizizi mifupi hauwezi kuyafikia maji na mbolea unazozigharimia. Kukata chini sana mara moja hakuui shamba. Kukata chini kila mara kunaliua taratibu: mashina ya nyasi yanaachana, udongo unaonekana katikati, magugu yanapata nafasi.

Baada ya kuvuna, simama pembeni ya kipande ukiangalie. Ukiona kijani kilichotawanyika kila mahali, umekata vizuri. Ukiona rangi nyeupe na kahawia tupu, ulishuka mno, au ulichelewa kuvuna kiasi kwamba majani yote yalikuwa juu na chini yakabaki mashina. Makosa haya mawili hufanana kwa macho, ila dawa zake ni tofauti: la kwanza linataka upandishe makali ya mashine, la pili linataka uwahi siku.

Tumia makali yaliyonolewa. Panga butu au mashine yenye visu vilivyokwisha huchana shina badala ya kulikata, nalo hukauka kutoka juu.

Kwa anayelisha shambani, kimo cha kubakiza ndicho kinachoamua lini ng'ombe watoke. Wasikae kwenye kipande kimoja zaidi ya siku tatu hivi. Nyasi zenye maji na mbolea hutoa chipukizi upesi, na ng'ombe akilikuta atalirudia, kwa sababu ni tamu kuliko yaliyokomaa. Ng'ombe wa maziwa waingie kwanza wale majani ya juu. Mitamba na ng'ombe waliokaushwa wafuate kumalizia hadi alama.

Hatua ya 4: Jua kilichoondoka kabla ya kuamua cha kurudisha

Tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1. Iweke mahali penye kimo cha wastani, kata nyasi zilizo ndani yake hadi kimo cha kubakiza, upime uzito. Rudia sehemu tatu au nne. Tuchukue mfano: umepata kilo 1 ya nyasi mbichi kwa mita ya mraba. Hekta ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo ni kilo 10,000 mbichi. Nyasi changa za namna hii huwa na takribani asilimia 20 ya ukavu, maana yake umevuna kilo 2,000 za malisho makavu kwa hekta.

Kama nyasi hizo zina protini asilimia 12.5, zina naitrojeni asilimia 2, kwa kuwa protini hugawanywa kwa 6.25. Hiyo ni kilo 40 za naitrojeni zilizotoka shambani kwa mkato mmoja. Potasiamu nayo inaweza kufika asilimia 2, yaani kilo nyingine 40. Fosforasi ni kidogo, kilo 4 au 5.

Sasa jiulize zimekwenda wapi. Ukikata na kubeba, zote zimetoka. Ukilisha shambani, sehemu kubwa hurudi kama mkojo na kinyesi, ingawa hairudi kwa usawa: hurundikana kwenye kivuli, kwenye lango na karibu na maji ya kunywa. Kwa sababu hii shamba la kukata na kubeba huishiwa potasiamu haraka kuliko wengi wanavyotegemea. Mfugaji anaongeza urea mwaka baada ya mwaka huku kingo za majani ya chini zikiungua, asijue kuwa kinachokosekana ni kitu kingine. Kama samadi inatoka zizini, irudi kwenye vipande vilivyotoa nyasi, isiishie kwenye bustani iliyo karibu na nyumba.

Hatua ya 5: Weka naitrojeni kidogo kidogo, baada ya kila mkato

Anza na kilo 25 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kila baada ya mkato. Shamba likijibu, na ukiwa na mifugo ya kuzila hizo nyasi, panda hadi 40 au 50. Kuzidi hapo kwa mkupuo mmoja, kila kilo unayoongeza inakuletea nyasi chache kuliko iliyotangulia, na sehemu inayobaki inazama na maji au kupotea hewani.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 40 za naitrojeni ni sawa na kilo 87 za urea kwa hekta, au gramu 870 kwa kila mita za mraba 100. Pima gramu hizo, ziweke kwenye kopo, utie alama, kisha mwagia kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 mpaka mkono uzoee. Kwa salfeti ya amonia yenye naitrojeni asilimia 21, utahitaji kilo 190 kwa hekta kupata kiasi hichohicho, lakini inakupa na salfa. CAN (mbolea ya naitreti ya amonia iliyochanganywa na chokaa) yenye asilimia 26 itahitaji kilo 154.

Urea ni rahisi kubeba, na ndiyo inayopotea kirahisi. Ikikaa juu ya udongo wenye unyevunyevu, juu ya majani makavu, kwenye joto, vimeng'enya vilivyo kwenye mabaki ya mimea huigeuza kuwa amonia ambayo hupaa. Mazingira mabaya kabisa ni unyevu wa kuiyeyusha bila maji ya kuisukuma chini, mfano umande au manyunyu ya dakika tano. Mimina urea, kisha siku hiyohiyo mwagilia milimita 10 hadi 15. Milimita 1 kwa hekta ni lita 10,000, hivyo milimita 12 ni lita 120,000. Kama huna uwezo wa kutoa maji hayo siku hiyo, subiri zamu yako ya maji ndipo uweke, au tumia CAN. Salfeti ya amonia nayo ni salama zaidi kuliko urea, isipokuwa kwenye udongo wenye magadi au chokaa nyingi, ambako nayo hupoteza amonia.

Wanaomwagilia kwa mifereji au kwa kufurika wana tatizo lao: maji huisomba mbolea na kuirundika mwisho wa shamba. Utaiona kwa rangi, kijani kizito chini na kilichofifia juu. Punguza kasi ya maji, gawa shamba katika majaruba mafupi, uzibe mwisho. Au mwagilia kwanza, acha maji yanywee, kisha uweke mbolea isiyo urea.

Siku gani baada ya kukata? Kama umebakiza majani ya kutosha, weka ndani ya siku moja au mbili. Kama umekata chini, subiri hadi chipukizi mpya zionekane, kati ya siku ya tatu na ya tano, maana mizizi iliyopata mshtuko hainyonyi kwa nguvu. Usivuke wiki. Ukichelewa, magurudumu na miguu itavunja machipukizi, na majani mabichi yataungua kwa punje zitakazonasa kwenye umande.

Shamba lililochanganywa na mikunde linahitaji tahadhari: naitrojeni nyingi huzipa nyasi nguvu ya kuifunika mikunde hadi ipotee.

Hatua ya 6: Fosforasi, potasiamu na chokaa

Hizi zisikadiriwe kwa macho. Chukua udongo wa sm 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au 20 za kipande, changanya, upeleke maabara. Epuka sehemu za kivuli na za lango, zitakudanganya.

Fosforasi iwekwe yote kwa mara moja, ikiwezekana wakati wa kupanda, karibu na mizizi. Potasiamu igawanywe, hasa kwenye udongo wa kichanga, kwa kuwa nyasi hunyonya kupita mahitaji yake ikiikuta nyingi, na maji huishusha. Kurudisha zile kilo 40 za mfano wetu utahitaji kilo 80 hivi za kloridi ya potasiamu yenye K2O (oksidi ya potasiamu, namna potasiamu inavyoandikwa kwenye mfuko) asilimia 60. Kwenye malisho ya kuingiza ng'ombe kiasi hicho kipungue sana.

Urea na salfeti ya amonia zote huongeza tindikali kwenye udongo, salfeti zaidi. pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikishuka chini ya 5.5, weka chokaa kabla ya kulaumu mbegu.

Majani husema mengi kwa anayeyatazama. Majani ya chini yakififia na kuwa njano kuanzia ncha, ni njaa ya naitrojeni. Kingo za majani ya chini zikiungua, ni potasiamu. Majani machanga ya juu yakiwa njano ilhali ya chini ni kijani, fikiria salfa. Mmea uliodumaa wenye rangi ya zambarau mara nyingi unadai fosforasi.

Hatua ya 7: Maji yafuate kimo

Nyasi zilizofunika ardhi hutumia takribani milimita 4 hadi 6 za maji kwa siku kwenye joto la kitropiki, na zaidi upepo ukiwa mkali. Zilizokatwa jana zinatumia kidogo. Kuwapa vipande vyote zamu sawa ni kuvizamisha vilivyokatwa na kuvinyima vilivyo karibu kuvunwa.

Panga makopo yanayofanana kwenye eneo la vinyunyizio, washa kwa saa moja, upime kina cha maji kwa rula. Utajua vinyunyizio vyako vinatoa milimita ngapi kwa saa, na utajua wapi havifiki. Funga maji siku mbili au tatu kabla ya kuvuna, muda mrefu zaidi kwenye mfinyanzi. Kwato kwenye udongo uliolowa hubana ardhi, na baadaye hata maji mazuri hayaingii.

Ukipitisha mbolea kwenye mabomba ya umwagiliaji, weka valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma kwenye kisima, na umalizie kwa maji matupu ili kusafisha mabomba na kuosha majani.

Usiku ukishuka chini ya nyuzi joto 15, nyasi hizi hupunguza mwendo hata zikiwa na maji tele. Katika miezi hiyo punguza naitrojeni au uisimamishe kabisa.

Tahadhari mbili za kuokoa mifugo

Naitrojeni nyingi ikifuatiwa na ukame au siku za mawingu mfululizo hufanya nitrati ijikusanye kwenye nyasi, zaidi kwenye sehemu ya chini ya shina. Hii ni sababu nyingine ya kutokata chini. Baada ya kuweka kiasi kikubwa, acha wiki tatu hivi zipite, na usiingize ng'ombe wenye njaa kali. Mnyama aliyeathirika hupumua kwa shida, hulegea, na damu yake huwa na rangi ya kahawia. Muite daktari wa mifugo mara moja. Ni suala la saa.

Ya pili ni urea yenyewe. Punje zilizomwagika, mfuko uliotoboka au ndoo iliyobaki na maji ya urea vinaweza kuua ng'ombe. Funga ghala, fagia palipomwagika.

Likishakuponyoka

Shamba lililofika mita moja na nusu likiwa na mashuke lisishushwe hadi alama kwa siku moja. Chini hakuna majani, utabakiza mashina matupu. Lishushe kwa mikato miwili au mitatu, ukianza msimu wa joto wenye ukuaji wa nguvu, na usiweke mbolea mpaka uone chipukizi za kutoka chini.

Vipande vinavyofika kimo kwa pamoja huku mifugo ikiwa haiwezi kuvila vyote, kata vya ziada vikiwa bado na majani mengi, ufanye sileji (nyasi zilizochachushwa bila hewa) au hei (nyasi zilizokaushwa), na zamu inayofuata usiviwekee naitrojeni. Andika kwenye daftari kila kipande: tarehe ya kukata, kimo kabla na baada, mbolea, maji. Kipande ambacho siku zake za kufika kimo zinarefuka ilhali joto, maji na mbolea ni vilevile, kipimwe udongo kwanza, na kimo chake cha kubakiza kipandishwe sm 5 kwa mikato miwili mfululizo.